2147483647: kwa nini namba hii inatokea kila mahali, na je, ni tasa kweli?

Fundi_Faili

Wakuu, kwema? Nimekabidhiwa mfumo wa mauzo wa duka moja la vifaa vya ujenzi. Aliyeutengeneza keshaondoka, simu hapokei. Leo nimetoa orodha ya wateja ili watumiwe bei mpya za mabati, nikakuta nusu nzima ya orodha ina namba moja ya simu: 2147483647. Fundi seremala anayo, mama lishe anayo, kanisa linayo, msikiti unayo.

Nikadhani kuna mtu kachezea data. Kuitafuta mtandaoni, kumbe dunia nzima inailalamikia. Kwenye kikokotoo nimeigawanya kwa 3, 7, 11, 13, 17 na 19, haikubali hata moja. Sasa wenye kujua mtusaidie: hii ni namba ya aina gani? Ni tasa? Na nani aliichagua?

Nyuki_Mkali

Ngoja wajuzi waje. Mimi nimekaa hapa.

Kipanga_wa_Kodi

Hakuna aliyeichagua mkuu, na hakuna aliyechezea data. Safu ya simu kwenye jedwali lako ilitangazwa kuwa INT, yaani aina ya data ya namba kamili. INT ya MySQL, programu inayohifadhi data zako, ina biti 32, yaani nafasi 32 za kuweka 0 au 1. Moja ni ya kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, zinabaki 31 za kubeba namba yenyewe. Ukiziwasha zote 31 unapata 1 + 2 + 4 + 8 na kuendelea hivyo kwa kuongeza maradufu mpaka 1073741824, na jumla ya zote ni 2147483647. Hapo ndipo debe limejaa.

Sasa MySQL isipowekwa katika hali ya ukali haikatai namba iliyozidi. Inaishusha hadi kikomo, inatoa onyo ambalo hakuna anayelisoma, kazi inaendelea. Angalia vizuri hiyo orodha yako utaona kitu: wateja walioandikwa kwa kuanzia na 06 au 07 wamesalimika, ila sifuri ya mbele imeliwa. Walioandikwa kwa 255 ndio wote wamerundikana pale, kwa sababu 255 ikifuatiwa na tarakimu tisa ni bilioni mia mbili hamsini na kitu.

Namba ya simu si ya kuhesabia. Hakuna anayejumlisha simu mbili. Iweke kama maandishi.

Fundi_Faili

Duh. Nimeangalia, ni hivyo hivyo. Waliopona wote wana tarakimu tisa, zinaanza na 6 au 7. Hilo limeisha, nitarudi kwenye vitabu vya risiti. Ila swali la tasa bado liko palepale.

Bi_Kipeuo

Ni tasa. Na haikusubiri kompyuta kujulikana hivyo. Mwanahisabati Leonhard Euler alilitangaza jambo hilo mwaka 1772, akiwa Saint Petersburg, macho yakiwa karibu yamezima kabisa.

Nianze na familia yake. Hii ni 2^31 − 1, yaani mbili ikizidishwa kwa yenyewe hadi ziwe mbili thelathini na moja, kisha utoe moja. Namba za umbo hili zinaitwa namba za Mersenne, kutokana na Marin Mersenne, mtawa Mfaransa ambaye mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo alivyodai vinazaa tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127, 257. Kwa 31 alipatia. Kwa 67 na 257 alikosea, na akaziruka 61, 89 na 107.

Kipeo kisipokuwa tasa, namba yake haiwezi kuwa tasa. Lakini kipeo kuwa tasa hakutoshi. Jaribu 11: 2^11 − 1 ni 2047, nayo ni 23 × 89. Hapo ndipo wengi walipoteleza. Pietro Cataldi wa Italia, kabla ya Mersenne, alidai kuwa 23, 29, 31 na 37 zote zinatoa tasa. Mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat akazivunja za 23 na 37, Euler akaivunja ya 29, ambayo ni 233 × 1103 × 2089. Ikabaki ya 31 peke yake imesimama.

Sasa kazi ilikuwa kuonyesha kwamba haivunjiki. Kipeuo chake cha pili ni 46340 na ushee, kwa hiyo ukitaka kwenda kwa nguvu unaigawanya kwa kila namba tasa iliyo chini ya hapo. Ni karibu mara elfu tano. Kwa mkono! Euler hakufanya hivyo. Alijua kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawanya kwa 62, lazima kibakize 1. Na ukikigawanya kwa 8, lazima kibakize 1 au 7. Ukiunganisha masharti hayo mawili unapata sharti moja: kigawo kikigawanywa kwa 248 kibakize 1 au 63.

Tuone orodha inavyoanza: 63, 249, 311, 497, 559, 745, 807, 993, 1055, 1241, 1303… Inakwenda hivyo hadi 46191, jumla namba 373. Ndani yake nyingi si tasa, hizo unazifuta. 63 na 249 zinagawanyika kwa 3. 311 ni tasa, iache. Halafu 497 ni 7 × 71, 559 ni 13 × 43, 745 inaishia na 5, 807 na 993 zinagawanyika kwa 3, 1055 inaishia na 5, 1241 ni 17 × 73. Tasa inayofuata ni 1303. Umeona? Toka 311 umeruka moja kwa moja hadi 1303 bila kugawanya chochote. Mpaka mwisho wa orodha zinabaki chini ya mia moja za kujaribu.

Mbili za kwanza nimezifanya hapa kwenye karatasi:

311 × 6905092 = 2147483612, baki 35.
1303 × 1648107 = 2147483421… hapa nayo kuna baki, 226.

Hakuna hata moja katika orodha nzima inayotoa baki sifuri. Ndiyo maana ni tasa.

Nyuki_Mkali

Aisee. Karatasi na kalamu.

Wa_Eldoret

Bi Kipeuo umeeleza vizuri, lakini umeruka mahali. Hiyo 62 imetoka wapi? Mtu akiniambia "Euler alijua" mimi nabaki hapo hapo.

Bi_Kipeuo

Una haki ya kuuliza. Tutumie 2047 maana ni ndogo, utaiona kwa macho.

Chukua kigawo chake, 23. Anza na 2, ongeza maradufu, kila ikizidi 23 bakiza baki tu: 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1. Umefika 1 kwa hatua ya 11, na ukiendelea unarudi 2, mzunguko unaanza upya. Ni lazima iwe hivyo, kwa sababu 23 inagawanya 2^11 − 1, maana yake 2^11 inabakiza 1.

Fermat alionyesha kwamba kwa tasa yoyote q isiyokuwa 2, ukipandisha 2 hadi kipeo cha q − 1, unarudi kwenye 1. Kwa 23 ni kipeo cha 22. Kwa hiyo mzunguko wa hatua 11 lazima uingie kamili ndani ya 22, nao unaingia mara mbili.

Rudi kwenye 31. Kama q ni kigawo cha 2^31 − 1, basi 2^31 inabakiza 1, hivyo urefu wa mzunguko unagawanya 31. Lakini 31 yenyewe ni tasa, kwa hiyo urefu ni 31 hasa; hauwezi kuwa 1. Mzunguko huo lazima uingie kamili ndani ya q − 1. Na q ni witiri, kwa hiyo q − 1 ni shufwa. Kitu kinachogawanyika kwa 31 na kwa 2 kinagawanyika kwa 62.

Ya 8 ni ndefu kidogo, ila mlango wake ni huu: 2^32 inabakiza 2, na 2^32 ni 2^16 ikizidishwa kwa yenyewe. Maana yake ndani ya ulimwengu wa q, namba 2 ina kipeuo cha pili. Hilo linatokea tu kwa tasa zinazobakiza 1 au 7 zikigawanywa kwa 8. Ya 23 inabakiza 7, na 89 inabakiza 1. Kagua.

Wa_Eldoret

Nimekagua, imekubali. Asante mwalimu. Nambari hii mimi naijua kwa sababu nyingine, ile ya 2038. Mifumo mingi ya zamani huhesabu saa kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na sekunde hizo ziliwekwa ndani ya biti hizi hizi 32. Sekunde ya 2147483647 itafika Jumanne tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu za Afrika Mashariki ni saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, na sekunde saba. Sekunde inayofuata, mfumo usiorekebishwa unageuka hasi na kurudi tarehe 13 Desemba 1901. Kompyuta na seva za kisasa nyingi zimeshahamia biti 64. Wasiwasi wangu ni vile vifaa vilivyofungwa ukutani au ndani ya mashine na hakuna anayekumbuka kuvifungua.

Mtu_wa_Pwani

Sasa nyinyi wasomi, mnataka kuniambia ni bahati tu kwamba kikomo cha kompyuta kimeangukia kwenye namba tasa maarufu? Mimi siamini. Waliounda walijua wanachofanya.

Kipanga_wa_Kodi

Ni bahati, na ushahidi ni ndugu zake. Kompyuta hupenda biti 8, 16, 32, 64. Toa moja ya ishara, unapata vipeo 7, 15, 31, 63. 2^7 − 1 ni 127, tasa. 2^15 − 1 ni 32767, sawa na 7 × 31 × 151, si tasa. 2^31 − 1 tasa. 2^63 − 1 ni 9223372036854775807, inagawanyika kwa 7 hata kabla hujakaa vizuri, kwa sababu 63 inagawanyika kwa 3 na 2^3 − 1 ni 7. Mbili kwa mbili. Kama walikusudia, basi walikusudia nusu nusu.

Mtu_wa_Pwani

Haya, na hii je? Ndege za Boeing 787, mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ziwe zinazimwa umeme mara kwa mara, kwa sababu zikikaa zimewashwa siku 248 mfululizo, vidhibiti vya jenereta vinaweza kujizima vyote kwa pamoja. Siku 248! Na Bi Kipeuo hapo juu katuambia habari ya kugawanya kwa 248. Bahati tena?

Bi_Kipeuo

Bahati tena, ingawa hii imenichekesha. Ile 248 yangu ni 8 × 31. Ya ndege inatokana na kaunta iliyofurika: chukua 2147483647 kama sehemu za mia za sekunde, ni sekunde 21474836 na ushee. Gawanya kwa 86400, sekunde za siku moja, unapata siku 248 na nusu. Namba mama ni moja, 248 mbili hazijuani. Kama siku ingekuwa na saa 20, ya ndege ingebadilika, yangu isingetikisika.

Kipanga_wa_Kodi

Hapa kwetu ndege hatutengenezi, lakini shilingi tunazo. Kikomo hiki kwa dola ni pesa ndefu. Kwa shilingi za Tanzania au za Uganda, bilioni mbili na milioni mia moja arobaini na saba ni mauzo ya kawaida ya msambazaji wa saruji. Nimeshaona ripoti ya mwaka ya ofisi moja, jumla imetokea hasi, na mhasibu anatafuta mwizi. Mwizi ni INT.

Fundi_Faili

😂😂 Safu ya jumla nayo ni INT kwenye mfumo huu. Nabadilisha sasa hivi.

Bi Kipeuo, mbali na kuwa tasa ya Mersenne, ina sifa gani nyingine? Nimeanza kuipenda.

Bi_Kipeuo

Iliyo nzuri kuliko zote ni kwamba inazaa namba timilifu. Namba timilifu ni ile ambayo vigawo vyake vyote, ukiacha yenyewe, vinajumlika kuirudisha. 6 ni 1 + 2 + 3. 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Tangu enzi za Euclid, Mgiriki wa kale, inajulikana kuwa kila tasa ya Mersenne inatoa moja. Hii yetu ni ya nane kwenye safu, na ukiizidisha kwa 2^30 unapata 2305843008139952128, namba timilifu ya nane. Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba namba timilifu hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa ni mambo ya udadisi tu yasiyo na faida, nani atajisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1876 Édouard Lucas akathibitisha 2^127 − 1, na Oktoba 2024 ilitangazwa 2^136279841 − 1, yenye tarakimu zaidi ya milioni 41. Watu walijisumbua. Hata hivyo tusimcheke sana Barlow: 2147483647 ilikaa kileleni mwa tasa zinazojulikana kwa zaidi ya miaka 80.

Kwingine haina makuu. Haina pacha: jirani wa chini kwa mbili, 2147483645, anaishia na 5, na wa juu, 2147483649, ni 3 × 715827883. Ukiigawanya kwa 4 inabakiza 3, kwa hiyo huwezi kuiandika kama jumla ya miraba miwili. Ukiizidisha kwa 2 na kuongeza 1 unapata 2^32 − 1, ambayo ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65537. Hizo tano ni tasa za Fermat, yaani tasa za umbo 2^n + 1 ambapo n ni 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea kwa maradufu, na ndizo zote zinazojulikana mpaka leo. Fermat alidhani inayofuata, 2^32 + 1, ni tasa pia. Euler huyo huyo akaivunja mwaka 1732 kwa 641. Miaka arobaini baadaye ndipo anaisimamisha hii yetu iliyo jirani.

Kipanga_wa_Kodi

Ongeza na ya bahati nasibu. Mwaka 1988 Park na Miller walipendekeza njia nyepesi ya kompyuta kutoa namba zinazoonekana za kubahatisha: chukua namba uliyonayo, izidishe kwa 16807 (ni 7 kwa kipeo cha 5), gawanya kwa 2147483647, shika baki, rudia. Kwa kuwa kigawanyo ni tasa na 16807 imechaguliwa vizuri, utapita kila namba kuanzia 1 hadi 2147483646, kila moja mara moja tu, ndipo urudi ulikoanzia. Ukianza na 1, baada ya hatua 10000 lazima upate 1043618065. Programu yako ikitoa tofauti, una kosa. Mara nyingi kosa lenyewe ni kufurika, maana umezidisha ndani ya biti 32. Msiitumie kwa nywila wala usalama wowote. Kwa michezo na majaribio inatosha.

Wa_Eldoret

Swali la mwisho kabla nilale. 31 yenyewe ni 2^5 − 1. Tukachukua tasa ya Mersenne tukaifanya kipeo, tukapata tasa ya Mersenne nyingine. Tukipanda ngazi tena? 2^2147483647 − 1 ni tasa?

Bi_Kipeuo

Ngazi hiyo imewavutia wengi. 2^3 − 1 ni 7, tasa. 2^7 − 1 ni 127, tasa. 2^31 − 1 tasa. 2^127 − 1 tasa. Nne hizo zote zimepatikana kwa kutumia tasa ya Mersenne kama kipeo, na mpaka sasa hazijulikani nyingine za namna hiyo. Yako inavunjika. Ina tarakimu zaidi ya milioni 646, lakini tangu 1983 inajulikana kigawo chake kimoja: 295257526626031.

Mtu_wa_Pwani

Namba ya tarakimu milioni 646 mtaihakikije? Nani ataiandika?

Bi_Kipeuo

Hakuna anayeiandika. Ni mchezo ule ule wa 23: unaongeza maradufu na kubakiza baki tu, na badala ya kwenda hatua moja moja unazidisha baki kwa lenyewe ili uruke. Hatua thelathini hivi za kujizidisha, kompyuta inamaliza hujapepesa. Na sheria ya Euler bado inafanya kazi: kigawo kikigawanywa kwa kipeo mara mbili lazima kibakize 1. Hilo hata kikokotoo cha simu kinatosha. Zidisha 2147483647 kwa 137490, ongeza 1. Hiyo 137490 ni shufwa kama inavyotakiwa.

Wa_Eldoret

Simu yangu imeandika 295257526626031. Tarakimu kwa tarakimu.